Msimbo P0420 na Magari ya Kamembe

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi ya gari la petroli, na mashine ya uchunguzi ikaonyesha msimbo P0420, maelezo yanayoambatana na msimbo huo husema kwamba ufanisi wa mfumo wa kichocheo katika benki ya kwanza umeshuka chini ya kizingiti, na mara nyingi maelezo hayo hufasiriwa gereji kuwa ni amri ya kununua kifaa kipya. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa, bali unataja jaribio ambalo kompyuta ya injini imelifanya na matokeo yake hayakufikia kiwango kilichowekwa. Na hata pale kifaa kinapokuwa kimechoka kweli, kwa kawaida kimeuawa na maradhi mengine yaliyomo ndani ya injini, ambayo yasipotibiwa yatakiua na hicho kipya. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuuchunguza msimbo huo kwa utaratibu, hasa katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, ambako umbo la nchi na barabara zake huingia moja kwa moja katika hesabu za kompyuta ya gari.

Kichocheo, kwa maana ya kikemia, ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Katika mji ambao Kiswahili cha Bukavu huvuka daraja la mto Rusizi kila asubuhi pamoja na wafanyabiashara, kifaa hiki husikika kikiitwa katalizeri, kwa kufuata Kifaransa, ilhali mafundi waliojifunza kazi upande wa Kampala au Nairobi hupendelea neno katalisti, ambalo ndilo litakalotumika hapa. Kwa nje katalisti ni kopo la chuma lililounganishwa katika bomba la eksozi, karibu na injini. Kwa ndani ni bonge la kauri lenye matundu mengi membamba yanayokwenda sambamba, mfano wa sega la nyuki, na kuta za matundu hayo zimepakwa utando wa alumina uliobeba chembe za platini, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini unapopita humo ukiwa moto, kaboni monoksidi, ambayo ni gesi ya sumu isiyo na harufu, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Mabaki ya petroli ambayo hayakuungua, yaitwayo hidrokaboni, hugeuzwa kuwa maji na kaboni dioksidi. Na oksidi za nitrojeni hugeuzwa kuwa nitrojeni ya kawaida, iliyo sehemu kubwa ya hewa inayovutwa na kila kiumbe. Kazi hiyo haianzi hadi katalisti ipate joto la nyuzi zipatazo 250 hadi 300 za Selsiasi, na ndiyo maana gari linalowashwa asubuhi ya baridi hutoa moshi mchafu kwa muda kabla ya kutulia.

Wazo la kusafisha moshi kwa njia hii lilifanyiwa kazi na Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, katika miaka ya 1950, lakini halikuweza kuenea kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa risasi, yaani madini yale yale mazito yatumikayo katika betri, na risasi huufunika utando wa katalisti na kuuzima kabisa. Magari mengi ya Marekani yaliwekewa katalisti kuanzia matoleo ya mwaka 1975. Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilikubaliana huko Dakar, mwezi wa Juni 2001, kuiacha petroli ya risasi, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeiacha. Historia hii ina maana hadi leo kwa fundi wa Kamembe, kwa kuwa gari lililoundwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya soko ambalo bado lilikuwa na petroli ya risasi huenda halikuwahi kuwekewa katalisti tangu kiwandani, na gari la namna hiyo haliwezi kutoa msimbo P0420, kwa sababu kompyuta yake haikupewa sensa ya kuuliza kama katalisti inafanya kazi.

Swali hilo huulizwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kompyuta ya gari haipimi kaboni monoksidi wala hidrokaboni. Kipimo ilicho nacho ni cha oksijeni tu. Sensa moja ya oksijeni, ambayo waliozoea Kifaransa huiita sonda lambda, imewekwa kabla ya katalisti, na nyingine imewekwa baada yake. Ndani ya utando wa katalisti, pamoja na yale madini ya thamani, mna oksidi ya seriamu, ambayo ina tabia ya kuhifadhi oksijeni moshi unapokuwa na oksijeni ya ziada na kuiachilia inapopungua, mithili ya sponji na maji. Kompyuta huuyumbisha mchanganyiko wa hewa na petroli kidogo kidogo kuzunguka uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na mayumbo hayo huonekana wazi kwenye sensa ya mbele. Katalisti yenye afya huyameza, hivyo sensa ya nyuma hukaa ikiwa imetulia, kwa kawaida kwenye volti 0.6 au 0.7. Oksidi ya seriamu inapozeeka, sponji husinyaa, mayumbo hupenya hadi nyuma, na sensa ya nyuma huanza kuiga ya mbele. Kompyuta huhesabu uigaji huo, au katika magari mapya zaidi huhesabu muda ambao sensa ya nyuma inachelewa kuitikia mabadiliko iliyoyafanya kwa makusudi, na ikiona matokeo mabaya katika safari mbili zinazofuatana huwasha taa. Neno benki katika maelezo ya msimbo humaanisha safu ya silinda iliyo na silinda namba moja. Injini ya silinda nne zilizo katika mstari ina benki moja tu, na ile ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V ina mbili, ambapo safu ya pili ina msimbo wake, P0430.

Kutokana na maelezo hayo inaonekana kwamba chochote kinachoibadilisha oksijeni katika bomba, au kinachoidanganya mojawapo ya sensa, kinaweza kuleta msimbo ule ule bila katalisti kuwa na hatia. Kinachoongoza katika barabara za Rusizi ni bomba linalovuja. Barabara kuu za lami ni nzuri, lakini katika njia za kuelekea vijijini matuta na mawe hulipiga bomba kutoka chini, na raba za kushikilia injini zikichoka, injini hutikisika na kuipinda ile sehemu ya bomba iliyosukwa kwa nyaya, iitwayo fleksibo, hadi ipasuke. Mtu wa kawaida hudhani kwamba ufa hutoa moshi nje tu. Moshi wa injini hausafiri kama maji ya mfereji. Husafiri kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka chini ya lile la hewa ya nje, hivyo ufa huvuta hewa safi na kuiingiza bombani. Ufa ulio kati ya sensa mbili huipelekea sensa ya nyuma oksijeni ambayo haikutoka injini, na katalisti huonekana mbovu. Ufa ulio kabla ya sensa ya mbele una madhara makubwa zaidi, kwa sababu kompyuta hudhani petroli imepungua, huongeza petroli, na petroli hiyo ya ziada huenda kuungua ndani ya katalisti na kuipasha moto kupita kiasi. Kosa la uongo huzaa kosa la kweli.

Uchunguzi wa ufa hauhitaji chombo cha gharama. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, kabla chuma hakijapanuka na kuziba nyufa ndogo. Mdomo wa eksozi ubanwe kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mtu mwingine asikilize mlio wa kuvuja kuanzia kwenye manifoldi hadi nyuma ya sensa ya pili, huku maungo yakipakwa maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe mahali. Masizi meusi kuzunguka gasketi ni ushahidi mwingine. Kazi hii huchukua muda mfupi, na si haki kwa mwenye gari kuuziwa katalisti kabla haijafanywa.

Kabla hata ya kulala chini ya gari, fundi makini huisoma mashine ya uchunguzi kwa ukamilifu. Misimbo mingine ikiwepo, hiyo hutangulia: P0300 hadi P0304 huonyesha silinda zinazokosa kuwaka, P0171 huonyesha mchanganyiko wenye petroli haba, P0141 huonyesha hitilafu katika hita ya sensa ya nyuma, na kila mmoja kati ya hiyo unaweza kuwa mzazi wa P0420. Mashine huonyesha pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati msimbo ulipoingia, yaani kasi, joto na mzigo, pamoja na asilimia za marekebisho ya petroli ambayo kompyuta inayafanya. Marekebisho yakizidi asilimia 10 kwa upande wowote, yafaa kutafuta hewa inayoingia kinyemela, nozeli iliyoziba au sensa ya hewa iliyochafuka, kabla ya kuigusa eksozi.

Sensa ya nyuma nayo yapasa kuhojiwa. Kompyuta inapoyaamini maneno ya shahidi mmoja, ni wajibu wa fundi kujua kama shahidi huyo anaona vizuri. Injini ikiwa ya moto, pedali ikikanyagwa kwa ghafla, mchanganyiko huwa na petroli nyingi na volti za sensa hiyo hupanda kuelekea 0.9, pedali ikiachiwa, kompyuta hukata petroli na volti hushuka karibu na sifuri. Sensa inayofanya hivyo bila uvivu ni nzima, na kuibadilisha kwa matumaini kwamba taa itazimika ni kutupa fedha. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: katika magari mengi ya miaka ya karibuni, yakiwemo ya Toyota, sensa ya mbele si ile ya zamani inayoruka kati ya volti 0.1 na 0.9, bali ni ya aina inayopima uwiano kwa mapana na kutoa takwimu tofauti kabisa, kwa hiyo fundi anayelinganisha mistari miwili kwenye skrini akitegemea ifanane au itofautiane kwa mtindo wa zamani atapotoka.

Baada ya hayo ndipo katalisti yenyewe huchunguzwa. Ikigongwa taratibu kwa nyundo ya mpira ikatoa mlio wa vipande vinavyocheza, kauri imevunjika. Gari likikosa nguvu kupanda mlima, shinikizo hupimwa kwenye tundu la sensa ya mbele, na likizidi takriban bar 0.2 injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, matundu yameziba. Kipimo cha joto cha mbele na nyuma ya katalisti, ambacho husifiwa sana, hakitoshi peke yake, kwa sababu injini iliyorekebishwa vizuri huipelekea katalisti uchafu mdogo mno wa kuunguza, na tofauti ya joto ikawa ndogo hata kwa kifaa kizima. Kilicho bora ni kuangalia tarakimu za majaribio ambazo kompyuta nyingi huzihifadhi, zenye matokeo ya kila jaribio kando ya kikomo chake, na ambazo hata kifaa kidogo cha kuunganisha na simu kwa bluutuuthi huweza kuzisoma. Gari ambalo matokeo yake yanagusa kikomo kwa shida na gari ambalo yamekivuka mbali mno yote hutoa msimbo mmoja, ilhali la kwanza huenda linahitaji gasketi tu.

Kamembe ina jambo lake la pekee katika hatua hii. Mji uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Ziwa Kivu, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita likilinganishwa na la pwani ya Dar es Salaam, ambako magari mengi ya mitumba huteremshwa. Gari likitoka mjini kuelekea Kigali hupitia Ntendezi, kisha hupanda msitu wa Nyungwe kupita mita 2,300. Likielekea kusini hushuka hadi bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, karibu mita 1,000. Injini yenye sensa za hewa zilizo safi huyamudu mabadiliko hayo, bali yenye sensa chafu hukosea kiasi cha petroli kila inapopanda. Muhimu zaidi ni jaribio lenyewe. Ili kompyuta ikubali kuipima katalisti, huhitaji injini iwe moto na gari liende kwa kasi ya wastani isiyobadilika kwa dakika kadhaa, jambo ambalo kona za Nyungwe, na za barabara inayofuata ziwa kuelekea Karongi, hazilitoi kwa urahisi: katika mpando mzigo ni mkubwa mno, katika mteremko kompyuta hukata petroli kabisa na katalisti hujaa oksijeni na kupoa.

Matokeo yake ni udanganyifu ambao haukukusudiwa na mtu. Fundi akiufuta msimbo kwa mashine, au akitoa waya wa betri, majaribio yote huanza upya kutoka sifuri. Gari linalotembea sokoni, mpakani Rusizi ya Kwanza na nyumbani linaweza kukaa siku nyingi bila kulikamilisha jaribio la katalisti, na kwa muda wote huo taa hubaki imezimika. Mwenye gari huridhika, fundi hulipwa, kisha siku ya safari ndefu, katika barabara iliyonyooka zaidi mbali na milima, taa hurudi, na lawama huangukia petroli ya njiani. Kuzimika kwa taa si ushahidi wa matengenezo hadi mashine ionyeshe kwamba jaribio la katalisti limekamilika na kufaulu, na mteja anayo haki ya kuonyeshwa ukurasa huo kabla ya kulipa.

Inapothibitika kwamba katalisti imekufa, swali linalofuata ni nani aliyeiua, na swali hili ndilo linalorukwa zaidi kuliko yote. Oili ya injini ina fosforasi na zinki kwa ajili ya kulinda vyuma dhidi ya msuguano. Injini inayokula oili huyapeleka madini hayo kwenye eksozi, nayo huufunika utando wa katalisti polepole. Injini za Toyota za lita 2.4 za familia ya 2AZ-FE, zilizowekwa katika RAV4 na Camry za miaka ya 2000, zinajulikana kwa ringi za pistoni zinazokwama na kuruhusu oili kupita, na RAV4 ni gari lililozoeleka mno nchini Rwanda. Mwenye gari la namna hiyo anayeongeza oili kati ya huduma na huduma, kisha akawekewa katalisti mpya bila ringi kutengenezwa, ameahirisha gharama tu. Maji ya rejeta yanayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi hufanya madhara yanayofanana na hayo. Plagi au koili iliyochoka huua kwa njia ya haraka zaidi, kwani petroli isiyowaka silindani huenda kuwaka ndani ya katalisti na kuyeyusha kauri. Taa ya injini inapowaka na kuzima mfululizo, badala ya kuwaka tu, inatangaza hali hiyo, na dereva apaswa kupunguza mwendo na kusimama mahali salama, hata kama mteremko wa Nyungwe unamshawishi aendelee. Mafuta nayo yana sehemu yake. Kando ya barabara za Bukavu, kama katika miji mingine ya Kongo, petroli huuzwa katika chupa na madumu na wauzaji wanaoitwa Kadhafi, na petroli iliyopita mikono mingi inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo huungua vibaya katika injini ya petroli na kuacha masizi.

Wapo wanaoshauri njia ya mkato, ambayo ni kuitoboa katalisti na kuacha kopo tupu, kisha kuisogeza sensa ya nyuma nje ya mkondo wa moshi kwa kipande cha bomba ili isione chochote. Madini yaliyomo katika kauri ile yana soko, na mara nyingine mwenye gari huambiwa kwamba ameondolewa mzigo, ilhali ameondolewa mali. Jambo hilo si la gereji peke yake. Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi ubora wa hewa, na mwaka 2025 Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, REMA, ilianzisha utaratibu mpya wa kupima moshi wa magari. Kipimo cha mdomo wa eksozi, tofauti na kompyuta ya gari, hupima gesi zenyewe, hivyo sensa iliyofichwa haiwezi kukidanganya. Na hata pasipo kipimo, wapo wanawake wanaouza bidhaa zao hatua chache kutoka foleni ya magari ya mpakani, wenye watoto mgongoni, na kaboni monoksidi isiyo na harufu huwafikia.

Katalisti mbadala za bei nafuu nazo hutofautiana sana, kwa kuwa gharama yake iko katika madini, na kopo linalong'aa lenye madini haba linaweza kufaulu jaribio miezi michache kisha likarudisha msimbo ule ule. Mnunuzi wa kifaa kilichotumika, kilichotolewa katika gari la aina ile ile, apaswa kuangalia matundu kwa mwanga wa tochi, kuhakikisha kwamba hayajayeyuka wala kufunikwa na utando mweupe wa majivu ya oili. Baada ya kukifunga, tarakimu za jaribio ziandikwe katika daftari la gari pamoja na kilomita, na ziandikwe tena kila oili inapobadilishwa. Zikianza kusogea kuelekea kwenye kikomo wakati taa bado haijawaka, fundi huanza kwa kupima kiwango cha oili na kulala chini ya gari na maji yake ya sabuni.